Ila ya Papa na Ushahidi Wake

Ndugu msomaji, usemapo ya kwamba mtu fulani katika hadithi ni mbaya, yakupasa kuulizwa kama aulizwavyo mshitaki barazani: Umejuaje? Ni neno lipi, au tendo lipi, lililokuonyesha? Hadithi fupi haina shahidi wa nje. Ushahidi wake wote umo katika maneno yake yenyewe.

Natutwae hadithi ya kima na papa, ambayo Edward Steere aliipata kwa watu wa Unguja, akaipiga chapa London mwaka 1870. Kima alikaa juu ya mkuyu kando ya bahari, na kila siku humtupia papa matunda, hata wakawa marafiki. Siku moja papa akamwalika kwao, akamchukua mgongoni. Walipofika katikati ya safari akamwambia ya kwamba Sultani wao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima akajibu kwamba moyo wake ameuacha mtini. Papa akamrudisha ili autwae; kima akapanda juu, akapona.

Sasa msomee hadithi hii mkulima wa Mikumi aliyekesha akilinda mahindi yake. Hujamaliza, naye amekwisha sema, Kima ni mwizi! Shambani ni kweli. Lakini humu kima hakuiba kitu, bali yeye ndiye aliyetoa. Na mtu wa Kilosa, ambaye papa amjua wa sokoni tu, mkavu mwenye chumvi, yamkini atamhurumia. Hayo nayo si ushahidi. Mtu wa hadithini hahukumiwi kwa makosa ya jamaa zake walio nje.

Basi ila ya papa ni ipi? Wengi husema ni ujinga, kwa kuwa aliamini kwamba moyo huweza kuachwa mtini. Ushahidi upo, sikatai. Lakini tazama mahali alipolitoa neno lake. Pwani, kima alipokuwa na mti wake, papa alitaja wema na shukrani tu. Habari ya Sultani aliificha mpaka maji yakawazunguka pande zote, na mnyama wa nchi kavu hana pa kukimbilia. Mjinga hachagui mahali namna hiyo. Ila yake kubwa ni hiana, na hadithi haikuhitaji kumtukana ili tuijue. Safari yenyewe yamshuhudia.

Yuko atakayeuliza: kama ni mhaini, mbona hakunyamaza mpaka wafike? Swali hili ni zuri, wala wanafunzi wasilikimbie. Huenda aliona haya kwa matunda aliyokula siku nyingi. Huenda alijiona amekwisha shinda. Hadithi haisemi, kwa hiyo imetupasa kuandika "huenda," wala si "hakika."

Na kima je? Alisema uwongo, jambo hilo ni wazi. Lakini atakaye kumwita mwongo kwa tabia, na anionyeshe mahali pengine alipodanganya pasipo hatari ya kufa. Mimi sikupaona.