Wiki Saba Bila Posho

Ndugu msomaji, wewe unayepokea mshahara kila mwisho wa mwezi wajua jinsi fedha hiyo inavyokwisha kugawanywa hata kabla haijafika mkononi: kodi ya nyumba, unga, nauli, sare za watoto, deni la dukani. Sasa chukulia kwamba kiwanda chako kimefungwa, nawe umebakiwa na posho ndogo tu inayokufikia kila wiki. Halafu siku moja posho hiyo nayo inakatika, si kwa sababu umepata kazi, wala si kwa sababu umevunja sheria, bali kwa sababu waheshimiwa katika mji mkuu hawajakubaliana. Hali hiyo iliwapata watu wapatao milioni mbili na nusu nchini Marekani katika kiangazi cha mwaka 2010.

Posho ya wasio na kazi nchini humo ni mtoto wa dhiki kuu ya miaka ya 1930. Jimbo la Wisconsin lilitunga sheria yake mwaka 1932, na mwaka 1935 Rais Franklin Roosevelt akatia saini Sheria ya Hifadhi ya Jamii iliyoyafanya majimbo yote yafuate. Mwajiri hutozwa kodi kwa ajili ya wafanyakazi wake, fedha huwekwa katika mfuko, na mfanyakazi anapoachishwa pasipo kosa lake hulipwa sehemu ya ujira wake. Kwa miaka mingi muda wa kawaida ulikuwa wiki 26. Kwetu Tanzania, fao la kukosa ajira liliingizwa katika sheria ya mifuko ya hifadhi mwaka 2018, na muda wake ni miezi sita. Kwa hiyo hesabu hii si ngeni kabisa kwa msomaji.

Wiki 26 hutosha wakati ambapo kazi zipo. Lakini mwezi Septemba mwaka 2008 benki ya Lehman Brothers ilianguka, na uchumi wa nchi nzima ukayumba nayo. Ilipofika Oktoba 2009, watu 10 katika kila 100 waliotaka kazi hawakuwa nayo. Kufikia katikati ya mwaka 2010, karibu nusu ya wasio na kazi walikuwa wamekaa zaidi ya miezi sita wakitafuta. Kwa kila nafasi moja iliyotangazwa walikuwapo watu wapatao watano. Hata wote watano wangaliamka alfajiri na kupiga pasi mashati yao, wanne wangalirudi nyumbani mikono mitupu.

Hapa yafaa tueleze jambo ambalo wengi hulikosea. Posho ya dharura ilianza chini ya Rais George W. Bush, mwezi Juni 2008, nayo ikapangwa kama ngazi. Aliyemaliza wiki 26 za jimbo alipanda kidato cha kwanza cha dharura, wiki 20. Kisha cha pili, wiki 14. Cha tatu, 13. Cha nne, 6. Katika majimbo yaliyoumia zaidi kulikuwa na wiki nyingine 20 juu yake. Jumla yake ni wiki 99. Lakini sheria ya ngazi hiyo ilikuwa na tarehe ya mwisho. Tarehe hiyo ilipopita, aliyemaliza kidato chake hakuweza kupanda kingine, hata kama kwa hesabu alikuwa na haki ya wiki nyingi bado. Kwa hiyo katika mwaka ule wa 2010, “kuongeza muda wa posho” hakukuwa kumwongezea mtu wiki. Kulikuwa ni kuizuia ngazi isiondolewe naye bado yuko juu yake.

Ishara ya mapambano ilionekana mwezi Februari mwaka huo. Uliletwa mswada wa kuongeza siku 30 tu, kwa gharama ya dola bilioni 10. Baraza la Seneti lilitaka kuupitisha upesi, jambo ambalo huhitaji asiwepo hata mjumbe mmoja wa kupinga. Mjumbe huyo akapatikana: Jim Bunning wa Kentucky, mcheza besiboli mashuhuri wa zamani. Alidai kwamba fedha hizo kwanza zipatikane kwa kupunguza matumizi mengine. Usiku ule alilalamika mbele ya wenzake kwamba mjadala umemkosesha mchezo wa mpira wa kikapu wa timu ya jimbo lake. Siku chache baadaye alilegea, na mswada ukapita kwa kura 78 dhidi ya 19.

Jambo hilo lilikuwa utangulizi tu. Tarehe 2 Juni muda ulikwisha tena, na safari hii haukuwa ukaidi wa mtu mmoja. Karibu chama kizima cha Republican katika Seneti kilikataa kufunga mjadala, na kwa kanuni za baraza hilo mjadala haufungwi bila kura 60 kati ya 100. Wingi wa kawaida haukutosha.

Hoja zao zilikuwa mbili. Ya kwanza, kwamba deni la taifa limezidi na kila dola inayotolewa itafutiwe mahali pa kutoka. Hoja hii ina uzito wake, nasi hatuidharau. Mtu mwenye deni apaswa kuhesabu. Ila haikusikika kwa sauti hiyo hiyo wakati walipopunguziwa kodi matajiri chini ya Rais Bush. Hoja ya pili ni ile ya kale, kwamba posho huwazoesha watu uvivu. Posho yenyewe ilikuwa wastani wa dola 300 hivi kwa wiki. Mchumi Jesse Rothstein wa chuo kikuu cha Berkeley alipoichunguza habari hiyo mwaka 2011, aliona kwamba nyongeza ya posho ilipandisha kiwango cha ukosefu wa kazi kwa kisichozidi nusu ya asilimia moja, tena sehemu kubwa ya hiyo ilitokana na watu kuendelea kutafuta kazi badala ya kukata tamaa.

Wiki zikapita. Tarehe 28 Juni Seneta Robert Byrd wa West Virginia alifariki akiwa na umri wa miaka 92, na kura moja ikapungua. Tarehe 20 Julai aliapishwa Carte Goodwin kukikalia kiti hicho. Dakika chache baadaye kura zilipigwa. Mdemokrati mmoja, Ben Nelson wa Nebraska, alipinga. Warepublican wawili kutoka Maine, Olympia Snowe na Susan Collins, waliunga mkono. Zilipohesabiwa, zilikuwa 60 kamili. Tarehe 22 Julai Rais Barack Obama akatia saini.

Malipo yalirudishwa kuanzia Juni. Ni kweli. Lakini mwenye nyumba hakungoja kura ya sitini, na chakula cha wiki saba hakiliwi kwa mkupuo mwezi wa nane. Waliokwisha kumaliza wiki zote 99, waliojiita “watu wa tisini na tisa”, hawakupata kitu, kwa kuwa sheria haikuongeza kidato hata kimoja.

Mwezi Desemba mwaka huo huo ngazi ilihitaji kushikiliwa tena. Safari hii bei ilitajwa waziwazi: posho iliendelezwa kwa miezi 13, na badala yake nafuu ya kodi ya enzi za Bush ikaendelezwa kwa miaka miwili, wenye vipato vikubwa wakiwamo. Urithi wa hadi dola milioni 5 ukasamehewa kodi ya taifa.

Ngazi iliondolewa tarehe 28 Desemba 2013. Watu milioni 1.3 walikatiwa posho kwa siku moja, katika juma la Krismasi. Mwezi Aprili 2014 Seneti ilipitisha mswada wa kuirudisha, kura 59 kwa 38. Spika wa Baraza la Wawakilishi, John Boehner, hakuuleta kupigiwa kura. Huko majimboni nako wiki 26 zenyewe zilianza kupunguzwa. Katika Florida na North Carolina, kazi zinapokuwa nyingi, muda wa posho hushuka hadi wiki 12.