Utaalamu Mzuri Unahitaji Muuzaji

Sote tunamjua dumuzi. Mdudu huyu alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wananchi walimwita Scania. Akiingia ghalani, mahindi hugeuka unga. Kwa kumwogopa, tunauza mahindi mapema kwa bei ya chini. Baadaye tunanunua chakula kwa bei kubwa. Je, hiyo si hasara?

Kinga ipo. Mwishoni mwa miaka ya 1980, watafiti huko Kameruni, pamoja na Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani, walitafuta njia ya kuhifadhi kunde bila sumu. Ndipo ulipotokea mfuko wa PICS. Ndani una mifuko miwili ya plastiki, na nje gunia moja. Ukifungwa vizuri, hewa haiingii. Wadudu waliomo ndani hukosa hewa. Wanaacha kula, halafu wanakufa.

Lakini kwa miaka mingi wakulima wengi hawakuupata mfuko huo. Utaalamu ulikuwepo, ila muuzaji hakuwepo. Mwaka 2007 ulianza mradi katika Afrika Magharibi. Mradi huo uliwashirikisha wenye viwanda na wenye maduka. Hapo ndipo mifuko ilipoanza kuenea. Baadaye ilifika hata Tanzania na Kenya.

Basi na sisi vijijini tunaweza kuifanya biashara hii kwa vikundi. Lakini tupige hesabu kwanza. Huu ni mfano tu:

Mifuko 40 kwa shilingi 4,500: shilingi 180,000.
Nauli na mzigo: shilingi 20,000.
Jumla: shilingi 200,000.

Kwa hiyo kila mfuko umetugharimu shilingi 5,000, wala si 4,500. Tukiuza kwa shilingi 4,800 tutadhani tumepata faida, kumbe tumepata hasara ya shilingi 200 kila mfuko! Tukiuza kwa shilingi 6,000, tutapata shilingi 240,000. Faida ni shilingi 40,000. Tuiandike daftarini. Kusoma na kuandika tulijifunza kwa kazi kama hii.

Tununue mifuko kabla ya mavuno. Mavuno yakipita, nani atanunua?

Tena, tusiuze mfuko bila maelezo. Mahindi mabichi yataoza ndani yake. Kuyapima ni rahisi. Tia mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, funga, tikisa, halafu acha kidogo. Chumvi ikiganda kwenye chupa, mahindi bado hayajakauka. Yaanike tena. Mfuko wa plastiki ukitoboka, usiutumie, maana hewa itaingia.

Mteja akipata hasara kwa kukosa maelezo, hatarudi, na jirani zake hawatakuja. Akifungua mfuko baada ya miezi sita na kukuta mahindi mazima, yeye mwenyewe atatutangazia biashara.

Watafiti wamefanya kazi yao. Kuufikisha utaalamu huo mlangoni kwa mkulima, kwa faida ya halali, ni kazi yetu.