Rasimu ya Mvunguni: Onyo kwa Mhakiki Atumiaye Kompyuta

Mhakiki anayeheshimu kazi yake hanukuu rasimu iliyo mvunguni mwa kitanda cha mwandishi. Hunukuu kitabu kilichochapwa. Rasimu yaweza kuchanwa kesho, na mwandishi hana deni kwako. Kanuni hiyo naijua tangu mwaka wa kwanza, lakini nilipoketi mbele ya kompyuta, wapi!

Kwa ajili ya tasnifu yangu niliandika programu fupi kwa lugha ya Python, ihesabu maneno yanayojirudia katika mashairi. Nilitegemea kifurushi kilichoandikwa na wengine. Nilichokihitaji hakikuwamo katika maelezo yake, nikachungulia ndani, nikakikuta huko, jina lake likianza na mstari wa chini. Katika Python alama hiyo ni desturi tu: humwambia mgeni kwamba hapa ni chumbani, si sebuleni. Mlango haufungwi. Nikaingia. Wiki mbili kabla ya kuwasilisha, nilisakinisha toleo jipya la kifurushi, kile kitu hakimo tena, programu ikagoma. Kosa langu mwenyewe.

Sikuwa wa kwanza. Mwaka 2018 pip, programu inayosakinisha vifurushi vya Python, ilitoa toleo la 10. Sehemu zake za ndani zilihamishiwa chini ya jina pip._internal, na programu nyingi zilizokuwa zikiziita moja kwa moja zikavunjika. Je, kuna ahadi iliyovunjwa? Hapana. pip imekusudiwa kuendeshwa kwa amri, na njia hiyo ilibaki palepale.

Basi tufanyeje? Kwanza, tutumie yaliyoelezwa hadharani. Pili, unachokitaka kisipokuwamo, waombe wenyewe wakitoe hadharani, ama uandike cha kwako. Tatu, ukilazimika kabisa, taja toleo ulilolitumia, ushikamane nalo, na wito huo uuweke mahali pamoja tu, ili mambo yakiharibika ujue pa kushika.

Kuna watakaosema: "Si inafanya kazi? Tatizo liko wapi?" Sawa, leo inafanya kazi. Lakini mwalimu atakayetaka kurudia hesabu zako mwakani akishindwa, hoja yako imebaki bila ushahidi, na uhakiki bila ushahidi ni porojo. Mimi niliandika upya sehemu ile usiku mmoja. Ni mistari 12 tu, lakini ni yangu.