Fahamu: Makosa ya dripu ni yapi?

Ni kumpa mgonjwa maji au dawa ya mshipani isivyotakiwa: dawa siyo, kipimo siyo, kasi siyo, au mgonjwa siye.

Hesabu ya matone

Katika baadhi ya wodi za Nairobi hakuna mashine ya kudhibiti kasi ya dripu. Muuguzi huhesabu matone kwa saa ya mkononi. Lita moja kwa saa 8, kwa mrija wa matone 20 kwa mililita, ni kama matone 42 kwa dakika. Mgonjwa akigeuka, kasi hubadilika. Kati ya dawa za dripu, kloridi ya potasiamu ni miongoni mwa zilizo hatari zaidi: ikisukumwa mshipani bila kuchanganywa na maji, moyo huweza kusimama.

Maji nayo ni dawa

Utafiti wa FEAST, uliochapishwa 2011, ulihusisha watoto 3,141 wa Kenya, Uganda na Tanzania wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu. Kati ya waliomiminiwa maji ya chumvi haraka, asilimia 10.5 walikufa ndani ya saa 48; kati ya wasiomiminiwa, asilimia 7.3. Wengi hawakutarajia hilo.

Pa kuripoti

Bodi ya Dawa na Sumu ya Kenya, barabara ya Lenana, Nairobi, hupokea ripoti za makosa ya dawa.