Plagi Isiyosikia Ikiitwa

Paukwa! Mmeitika? Haya, sogeeni.

Palikuwa na plagi moja nyeupe, inaenea kiganjani. Ilikaa ukutani, chumba cha mwisho, katika nyumba moja ya Tanga. Haikuwa plagi hivi hivi. Ilikuwa plagi janja. Unaiambia kwa simu, "Washa," inawasha. Unaiambia, "Zima," inazima. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuwasha taa ya barazani kila siku saa moja jioni.

Siku nyingine inawasha. Siku nyingine haiwashi. Mama anabonyeza simu, taa kimya. Anabonyeza tena, taa kimya. Dakika mbili zikishapita, watu wameshakata tamaa, taa inawaka yenyewe!

Kaka mtu akasema plagi hii ina jini, akaipiga kofi. Lakini Salma, mdogo wake, akachuchumaa mbele ya plagi.

"Plagi, kwa nini unakataa?"

Hongera, Salma! Wenzake wanagomba, yeye anauliza. Na plagi ikamjibu.

"Sikatai, Salma. Sisikii."

Mtasema, "Mjomba, plagi inasikia kwa kitu gani, haina masikio?" Swali zuri sana hilo. Ndani ya plagi mna kifaa kidogo cha kupokea waifai. Hicho ndicho sikio lake. Halafu mna swichi ndogo iitwayo rilei. Huo ndio mkono wake. Rilei ina waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi. Umeme ukipita kwenye waya ule, waya unakuwa sumaku. Sumaku inavuta kibati, kibati kinagusa kibati mwenzake, tak! Umeme unapita, taa inawaka.

"Basi nitajuaje kama ni sikio au ni mkono?" Salma akauliza.

"Nibonyeze kitufe changu cha ubavuni," plagi ikasema, "kisha tega sikio."

Salma akabonyeza. Tak! Taa ya barazani ikawaka. Akabonyeza tena. Tak! Ikazima. Kumbe mkono mzima, na balbu nzima. Ingelia tak na taa isiwake, angekwenda kutazama balbu na swichi ya taa. Shida ilikuwa kwenye sikio.

Sasa sikilizeni vizuri. Ruta, ile inayogawa waifai, ilikuwa sebuleni nyuma ya televisheni. Kutoka pale mpaka chumba cha mwisho kuna kuta tatu za matofali, na katikati kuna friji. Ni kama mama yuko uani, nawe uko chumba cha ndani, milango imefungwa. Akikuita, utasikia nusu, au hutasikia kabisa. Tena ruta nyingi zina sauti mbili. Moja ni ya gigahezi 5: nyembamba, ina mbio, lakini ukuta unaichosha. Nyingine ni ya gigahezi 2.4: nzito, inakwenda mbali, inapenya ukuta vizuri zaidi. Plagi janja nyingi zinasikia hiyo nzito tu. Simu ya mama inasikia zote mbili, ndiyo maana ilikuwa na intaneti safi, na plagi ukutani haina habari.

"Mbona asubuhi inasikia, jioni haisikii?"

Aa, Salma! Mtoto anayeuliza saa ya kosa keshafika nusu ya jibu. Jioni ndipo chakula kinapashwa moto. Maikrowevu inapasha kwa mawimbi yaliyo jirani kabisa na ile sauti nzito, na machache huvuja nje. Hayamdhuru mtu, lakini yanapiga kelele uani. Chakula kikishapashwa, kelele zinakwisha, plagi inasikia. Ndizo zile dakika mbili.

Kaka akataka kufanya yote papo hapo: ahamishe ruta, ahamishe maikrowevu, aifute plagi aisajili upya. Salma akamshika mkono. "Kaka, tukibadilisha vyote, tutajuaje kilichoiponya?" Mimi namsifu mtoto huyu mpaka leo kwa neno lile. Wakaanza na kimoja. Plagi wakaileta sebuleni, karibu na ruta, ikalala huko. Jioni yake ikaitika ilipoitwa mara ya kwanza, ingawa maikrowevu ilikuwa inanguruma. Ikajulikana: ni umbali. Ruta wakaitoa nyuma ya televisheni, wakaiweka juu ya kabati, mahali peupe. Plagi ikarudi chumbani, na taa ikawaka.

Kisha umeme ukakatika. Uliporudi, taa ya barazani haikuwaka.

"Sikatai, Salma. Niliamka peke yangu."

Plagi huamka mara moja. Ruta huchukua dakika nzima au zaidi kujiandaa. Plagi inaita, hakuna wa kuitikia, nyingine huchoka zikanyamaza. Dawa yake ni nyepesi: ichomoe, hesabu mpaka kumi, irudishe. Na kwenye programu ya simu mara nyingi kuna mahali pa kuchagua ifanye nini umeme ukirudi: iwashe, izime, au irudie hali iliyokuwa nayo kabla umeme haujakatika. Watu wengi hawapatazami kabisa.

Kaka yeye hakusubiri. Alikibana kitufe mpaka kijitaa kikamwekamweka. Hapo plagi husahau kila kitu: jina la waifai, ratiba, hata mji wake. Kaka akaisajili upya haraka haraka. Kesho yake taa ikawaka saa nane mchana, jua linawaka!

"Sikatai, Salma. Nimepewa saa ya ugenini."

Salma akafungua programu, akakuta mji umewekwa Shanghai. Huko wametutangulia saa tano. Kwao saa moja jioni, kwetu saa nane mchana. Akaweka saa za Afrika Mashariki. Akatazama na ratiba: kaka ameandika 19:00, sawasawa. Angeandika 1:00, kwa programu ingekuwa saa saba za usiku, watu wamelala!

Taa ikatulia. Baba akafurahi, akaja na ekstensheni. Akataka plagi hiyo hiyo iwashe birika la umeme na pasi kwa pamoja.

"Salma! Soma mgongoni mwangu," plagi ikasema.

Pameandikwa ampea 10. Umeme wetu ni volti 230. Zidisha: wati 2,300. Birika lilikuwa la wati 2,200, pasi ya wati 1,000. Jumlisheni wenyewe. Mzigo ukizidi, vile vibati vya ndani huungua na kunatana. Hapo ukisema zima, haizimi. Mkiona plagi ya namna hiyo, au ina moto, au inanuka kuungua, msiiguse wala msiifungue. Mwiteni mtu mzima azime umeme, kisha plagi itupwe.

Salma akamwonyesha baba ile hesabu. Baba akaisoma mara mbili, akalirudisha birika jikoni na pasi chumbani, kila kimoja kwenye soketi yake ya ukutani.