Tapeli mwenye sura ya rafiki yako

Watu waliomaliza darasa la saba pamoja miaka ya tisini, wakapotezana kabisa, leo wamo kwenye kundi moja la WhatsApp. Mmoja yuko Mwanza, mwingine Muscat, mwingine anaendesha lori huko Marekani. Asubuhi ni salamu na picha za maua ambazo wengi wetu tunazipita tu. Ila mmoja akifiwa, kabla ya adhuhuri mweka hazina ameshabandika orodha ya rambirambi, na mbele ya kila aliyetoa pana tiki ya kijani. Vyama vingi vyenye katiba na mihuri haviwezi kasi hiyo.

Imani ya namna hiyo ndiyo mtaji wa tapeli. Hahitaji utaalamu wa kompyuta. Anakuandikia kwa jina la mtu unayemjua: “Samahani, kuna tarakimu sita zimekuja kwako kimakosa, nirushie.” Ukimrushia, umekwisha. Tarakimu hizo ndizo zinazofungua akaunti yako kwenye simu yake, nawe unajikuta nje. Picha ni yako, jina ni lako, na sasa anawafuata wenzako mmoja mmoja: “Nimekwama, niazime laki mbili, kesho nakurudishia. Tuma kwa namba hii, yangu inasumbua.”

Husemwa kwamba wanaoibiwa ni wazee wasiojua simu. Sikubaliani. Anayeliwa haraka ni mwenye huruma, asiyeweza kulala huku mwenzake amekwama. Akishagundua, huona aibu, hunyamaza, na ukimya wake humpa tapeli muda wa kumalizana na kundi zima. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo Tanzania tangu 2015, lakini pesa hutolewa kwa wakala kabla hujafika kituoni.

Basi, kabla ya kutuma, soma jina linalotokea kwenye simu; kama si la rafiki yako, simama hapo. Mpigie. Na kwa kuwa siku hizi hata sauti huigwa kwa akili mnemba, muulize hivi: mwalimu wa hesabu mlimbatiza jina gani? Washa uthibitishaji wa hatua mbili leo, na umsaidie mama yako kuuwasha wa kwake. Kwa walioko Tanzania, namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.