Ukinunua nyumba yenye wapangaji, garanti yao iko kwa nani?



Hapa Bunia nyumba nyingi zinauzwa zikiwa na watu ndani. Kwa Lumumba, kwa Mudzipela, kwa Nyakasanza au upande wa Simbilyabo, parsele moja inaweza kuwa na milango mitatu au minne, na nyuma ya kila mlango kuna jamaa inayolipa. Mwenye nyumba anapata shida ya pesa, anamwita komisioneri, komisioneri analeta mnunuzi, wanapatana bei, wanasaini kwa sefu wa kartie. Wapangaji wanasikia habari mwisho kabisa, siku mgeni anapoingia uani na kusema: "Tangu mwezi huu mtalipa kwangu."

Hapo ndipo ugomvi unaanza. Mama mpangaji anauliza juu ya garanti aliyotoa siku ya kuingia. Mwenye nyumba mpya anajibu: "Mama, ulinipatia miye? Uende umuulize ule uliyemupatia." Yule wa zamani, ukibahatika kumpata kwenye simu, anasema: "Nyumba si yangu tena, ongea na aliyenunua." Kila mmoja anamrushia mwenzake, na mama anabaki katikati na watoto wake.

Sisi walimu tunaliona jambo hili darasani. Mtoto alikuwa anasoma vizuri, halafu katikati ya mwaka kiti chake kinabaki wazi. Ukiuliza unaambiwa: nyumba iliuzwa, garanti haikurudi, wazazi walikosa pesa ya kutoa garanti nyingine karibu na shule, wakahamia mbali kwa ndugu. Garanti ya miezi mitatu ikipotea, mara nyingi na masomo ya mtoto yanakatika.

Garanti ni pesa ya nani?

Garanti si bei ya nyumba, wala si zawadi kwa mwenye nyumba. Ni amana. Mpangaji anaiweka mkononi mwa mwenye nyumba ili, kama akiharibu kitu au akiondoka na deni, pawe na kitu cha kulipia. Kama hakuna uharibifu wala deni, amana inarudi kwa aliyeiweka.

Inchi yetu ina sheria juu ya jambo hili: sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayohusu kupangisha nyumba zisizo za biashara. Kwa nyumba ya kukaa, garanti haiwezi kupita pesa ya miezi 3. Anayekuomba miezi 6 au 10 kwa nyumba ya kulala na watoto amepita mpaka wa sheria, hata kama komisioneri anakuambia kwamba "ndiyo bei ya muji".

Hapa kwetu tuna desturi ya "kula garanti": mpangaji anayetaka kuhama anakaa miezi ya mwisho bila kulipa, mpaka garanti inaisha. Desturi hiyo inakwenda vizuri wakati mwenye nyumba ni yule yule. Nyumba ikiuzwa inaleta fujo. Mama anasema ninakula garanti yangu, mnunuzi anasema huyu hataki kulipa. Mbele ya majirani mama anaonekana mwenye deni, na kumbe yeye ndiye anayedai.

Nyumba ikiuzwa, mapatano hayafi

Sheria ya mapatano tunayotumia ni ya zamani sana, ni dekreti ya tarehe 30 Julai 1888. Kifungu chake cha 33 kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Basi mwenye nyumba aliyepokea garanti kwa mkono wake hawezi kusema kwamba kuuza nyumba kumefuta deni lake.

Dekreti ile ile inamlinda mpangaji kwa mnunuzi. Mnunuzi hawezi kumfukuza mpangaji mwenye kontra iliyofanywa mbele ya notere, au kontra yenye tarehe ya hakika, yaani tarehe isiyoweza kubishwa kwa sababu karatasi iliandikishwa katika ofisi ya Serikali. Anaweza kumtoa tu kama kontra yenyewe ilisema tangu mwanzo kwamba nyumba ikiuzwa mpangaji atatoka. Na pale mwenye nyumba anapokuwa na haki ya kuvunja mapatano yasiyo na mwisho, sheria ya 2015 inamtaka atoe taarifa ya miezi 3 kwa nyumba ya kukaa. Siku tatu hazitoshi, wala juma moja.

Na garanti? Mnunuzi anayepokea pesa ya nyumba kila mwezi anakula matunda ya mapatano yale. Haki inamtaka abebe na mzigo wake. Huko Ufaransa walichoka na ugomvi wa namna hii. Tangu 2009 sheria yao inasema wazi kwamba, nyumba ya kukaa ikiuzwa na wapangaji ndani, mwenye nyumba mpya ndiye atakayerudisha garanti, hata kama muuzaji hakumkabidhi. Yeye na muuzaji watajuana wenyewe, mpangaji haingii katika mambo yao. Sisi hapa tusingojee ugomvi. Njia iliyo salama ni kuandika neno la garanti ndani ya karatasi ya kuuzia, kabla pesa haijatoka mkononi.

Kwa mama anayetaka kununua

Wamama wengi siku hizi wananunua parsele kwa pesa ya likelemba au ya biashara yao. Ni jambo la kusifu. Lakini usitazame mabati na kisima tu. Piga hodi kila mlango, salimia, uliza: Mama, umekaa hapa tangu lini? Unalipa ngapi? Ulitoa garanti ya ngapi? Umelipa mpaka mwezi gani? Uonyeshwe na karatasi. Kisha ulinganishe na maneno ya muuzaji.

Tufanye hesabu kama darasani. Tuseme parsele inauzwa dola 12,000, nayo ina milango minne. Wapangaji wawili wanalipa dola 50 kwa mwezi, mmoja 40, mmoja 30. Kila mmoja alitoa garanti ya miezi 3. Hesabu ni hivi: 150 na 150, na 120, na 90. Jumla ni dola 510. Pesa hiyo si ya muuzaji, ni ya wapangaji. Kama muuzaji hana nafasi ya kuwarudishia, ikatwe kwenye bei: utamlipa dola 11,490, na zile 510 zibaki kwako kama amana ya wapangaji. Siku watakapotoka, utakuwa nazo.

Kama mpangaji wa dola 50 amelipa mbele mpaka mwisho wa Juni, nawe unanunua mwisho wa Machi, miezi 3 ambayo muuzaji ameisha kula ni dola 150. Nayo ihesabiwe, maana hutaweza kumdai mama yule mara ya pili.

Usiseme "tutaonana kesho". Muuzaji akiisha kupata pesa, kesho anaweza kuwa Kisangani au Kampala, na wewe utabaki na wapangaji wanne wanaokudai.

Ndani ya karatasi ya kuuzia muongeze maneno kama haya:

"Sisi, muuzaji na mnunuzi, tunashuhudia kwamba katika parsele hii mna wapangaji wanne, na majina yao yameandikwa hapa chini. Garanti zao zote ni dola 510. Zimekatwa katika bei na kubaki kwa mnunuzi. Tangu leo mnunuzi ndiye atakayewarudishia wapangaji garanti zao."

Muuzaji asaini, mnunuzi asaini, wapangaji wasaini, na sefu wa kartie au notere aweke muhuri. Kila mpangaji apewe kopi.

Kwa mama anayepanga

Tangu siku ya kutoa garanti, dai karatasi. Iandikwe tarehe, jina la aliyepokea, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, na neno lenyewe: garanti. Karatasi inayosema tu "nimepokea dola 150" inaweza kugeuzwa kuwa pesa ya mwezi.

Jina lako liwemo. Mara nyingi garanti inatoka katika biashara ya mama, lakini karatasi inaandikwa kwa jina la baba peke yake. Sheria ya jamaa ilibadilishwa tarehe 15 Julai 2016: haisemi tena kwamba mke aombe ruhusa ya mume, inasema wawili wapatane. Basi majina mawili yakae kwenye kontra, na sahihi mbili.

Ukisikia nyumba inauzwa, usikae kimya. Mwombe mwenye nyumba aje na mnunuzi, na useme mbele ya wote wawili: garanti yangu ni hii, karatasi yangu ni hii. Usimlipe mtu mpya kabla hajakuonyesha karatasi ya kuuzia, maana kuna wanaojiita wenye nyumba na kumbe sio. Na siku ya kwanza kumlipa, mwombe aandike kwamba anaijua garanti yako.

Ikiwa hamkuelewana

Anzeni kwa maneno mazuri, mbele ya sefu wa kartie au mzee anayeheshimiwa. Msipopatana, nendeni kwa ofisi ya Serikali inayohusika na makao, ile tunayoiita Habitat, ili iwapatanishe. Ikishindikana, mlango unaofuata ni Tribinali ya Amani ya Bunia. Kila mahali mtaulizwa neno moja: karatasi iko wapi?

Usifunge mlango wa mpangaji kwa kufuli, wala usitoe mabati ili mvua imfukuze. Na wewe mpangaji, usibomoe dirisha kwa hasira. Uharibifu huo utakatwa katika garanti ile ile unayoidai.

Wamama wa vikundi, katika mkutano wa juma hili kila mmoja alete karatasi ya nyumba anayokaa au ya nyumba anayopangisha. Wanaojua kusoma wawasomee wengine. Atakayekuta kwamba neno garanti halimo, aende kwa mwenye nyumba wakati bado wanaelewana, akaombe liandikwe.